Rangi ya mafuta au akriliki?

Mwaka wangu wa kwanza wa kuchora nilitumia rangi ya mafuta tu, ile ya kopo inayouzwa duka la vifaa vya ujenzi. Ndiyo aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa picha unaoitwa kwa jina lake, kwenye hadibodi (ubao mwembamba), alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Sasa nina akriliki pia, rangi inayochanganywa na maji, na kila kijana anayeshika brashi ananiuliza ipi bora.

Kwa bei, kopo linashinda. Rangi yake moja inatosha picha nyingi, wakati tyubu za akriliki ni ndogo na hazipatikani kila duka.

Kukauka ndiko kunakotesa. Rangi ya mafuta inataka siku nzima au zaidi kati ya tabaka na tabaka. Niliwahi kuanika twiga uani. Asubuhi nikamkuta na mbu watatu wamenasa shingoni, na vumbi juu. (Mteja alimpenda hivyo hivyo.) Akriliki hukauka kwa dakika, unaweza kufuta kosa kwa kupaka juu yake. Lakini ukitaka rangi mbili ziyeyukiane taratibu, kama mbingu ya magharibi, inakukimbia.

Brashi za mafuta husafishwa kwa thina au mafuta ya taa, harufu tupu. Za akriliki ni maji, ila ukiisahau brashi nusu saa imekuwa kijiti.

Anayelala na kuchora chumba kimoja achukue akriliki. Mwenye kibaraza na anayependa ule mng'ao wa kopo, abaki na kopo lake. Mimi natumia zote mbili.