Masomo ya kusoma ya sayansi na afya kwa mwalimu mbadala: kipi ununue, kipi uchukue bure

Kama unashika madarasa ya watu katika shule za kati za Marekani, darasa la 6 hadi la 8, unajua kazi huja alfajiri kwa simu na mpango wa somo wakati mwingine hauji kabisa. Mwalimu ameugua ghafla, mezani kuna orodha ya majina tu, na mbele yako kuna vipindi vitano vya sayansi au afya. Ndiyo maana watu hununua masomo yaliyo tayari: makala fupi ya kusoma, maswali, na majibu ya mwalimu. Nimeyapanga hapa kwa kipimo kimoja ambacho wauzaji hawakigusi: je, utaweza kulifundisha bila nenosiri la mtu yeyote?

Watoto wana kompyuta za shule, sawa, lakini darasa la mtandaoni ni la mwalimu mwenyewe na wewe huna ruhusa ya kuingia humo. Utapoteza dakika kumi kumtafuta mtu wa kompyuta, na kipindi chenyewe mara nyingi ni dakika 45 hadi 50. Karatasi haidai akaunti. Kwa hiyo kitu kinachosifiwa sana na walimu wa kudumu kinaweza kuwa cha mwisho kwako.

Kwa somo la afya, naweka juu kabisa KidsHealth in the Classroom, na ni bure. Inatolewa na Nemours, taasisi ya afya ya watoto. Miongozo yake imegawanywa kwa rika, na darasa la 6 hadi la 8 lina kundi lake. Unapakua, unachapa, basi. Ndani kuna maswali ya kujadili, kazi za kufanya darasani, karatasi za wanafunzi, na jaribio fupi lenye majibu yake. Mada ni zile zinazowagusa watoto wa umri huo: usingizi, lishe, msongo wa mawazo, uonevu, viungo vya mwili. Tatizo lake ni moja: makala za kusoma zenyewe hazimo kwenye mwongozo, zinatajwa tu kwa viungo vya tovuti. Zichape kando usiku uliotangulia, la sivyo utagawa maswali yasiyo na cha kusoma.

Hapohapo, jihadhari na mada. Balehe na uzazi ziache, hata kama mwongozo upo na ni mzuri. Katika majimbo mengi wazazi wana haki ya kuarifiwa kabla, au ya kumtoa mtoto kwenye somo hilo, na wewe huna orodha ya waliotolewa. Chukua usingizi. Hakuna mzazi atakayepiga simu shuleni kwa sababu mwanawe ameambiwa alale mapema.

Kwa sayansi, nafasi ya juu wanagawana ReadWorks na CommonLit. Zote mbili zinaendeshwa na mashirika yasiyo ya faida na ni bure kwa mwalimu, ila utahitaji kufungua akaunti yako. Ifungue wiki hii, usingoje asubuhi ya kazi. ReadWorks ina makala nyingi zaidi za sayansi, nazo ni fupi. Sehemu yake ya Article-A-Day ina makala ndogondogo za mada moja, zinazofaa kuzima kelele za dakika kumi za mwanzo. CommonLit imeegemea fasihi, kwa hiyo utachambua kidogo kupata makala za sayansi, lakini ukiipata karatasi yake utaona jinsi ilivyotengenezwa kwa akili. Kila aya ina namba. Maneno magumu yana maelezo chini ya ukurasa. Maswali mengine huja kwa jozi: la kwanza linauliza wazo kuu, la pili linauliza ni sentensi ipi ya makala inayothibitisha jibu ulilotoa. Zile namba za aya ni mali kwa mtu ambaye hajui hata jina la mtoto mmoja. Ukisema “wote aya ya 6,” anayebisha na asiyebisha wanatazama mahali pamoja.

Sasa tufike kwenye pesa. Kama lazima utoe dola, mahali pa kuzitoa ni Teachers Pay Teachers, soko lililoanzishwa mwaka 2006 ambapo walimu huuziana kazi zao. Dola chache zinakupa somo la siku moja lenye makala, maswali na majibu, na ukitafuta masomo ya dharura ya mwalimu mbadala utakuta vifurushi tele. Ninaliweka la tatu, si la kwanza, kwa sababu kila muuzaji ni mhariri wa kazi yake mwenyewe. Wapo mahodari kweli. Wapo pia waliopamba ukurasa kwa vikatuni na sayansi yenyewe imechacha.

Kwa hiyo fungua kurasa za kuonja kabla ya kulipa na utafute makosa sugu. Mchoro wa ulimi uliogawanywa sehemu ya utamu huku na ya uchungu kule ni uongo wa siku nyingi. Damu ya kwenye vena si ya buluu. Ni nyekundu iliyoiva. Ukiambiwa binadamu anatumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, funga ukurasa. Somo la sayari lenye Pluto kama sayari ya tisa halijaguswa tangu kabla ya 2006. Kwenye afya, tazama somo la tumbaku na sigara za kielektroniki: likisema umri wa kununua nchini Marekani ni miaka 18, ni la kabla ya Desemba 2019, sheria ya taifa ilipoupandisha hadi 21. Kosa moja la aina hii linatosha kuacha kifurushi kizima, maana aliyekosea hapo hakukagua na penginepo.

Kagua pia kama majibu yamo, kama karatasi inasomeka ikitolewa kopi nyeusi na nyeupe, na kama somo halihitaji mikasi. Mikasi na darasa la 7 lisilokujua, hapana. Leseni ya kawaida huko ni ya mwalimu mmoja. Ukimgawia mwenzako faili, naye alitakiwa alipie yake.

Science News Explores ya Society for Science ndiyo yenye uandishi bora kuliko zote hizi. Habari zake ni za utafiti halisi, zimeandikwa kwa vijana, na zina faharasa ya maneno magumu. Inashuka hadi nafasi ya nne kwa sababu mara nyingi utatunga maswali mwenyewe. Kama una somo lako la sayansi kichwani, ipandishe mpaka ya pili. Nawashauri hii hata ndugu wanaofundisha Grade 7 hadi 9 za Junior School huko Kenya, kwa kusoma nyongeza, maana haifungwi na mtaala wa Marekani.

Newsela inapendwa, na kwa haki: makala ileile hupatikana kwa viwango vitano vya usomaji, jambo zuri sana kwenye darasa lenye watoto waliofika nchini juzi. Lakini nguvu yake iko kwenye akaunti iliyolipiwa na shule, na bila hiyo unabaki mlangoni. Usiinunue.

Science World na Choices, majarida ya Scholastic, la kwanza la sayansi na la pili la afya, huuzwa kwa usajili wa darasa zima. Si ununuzi wa mtu anayebadilisha shule kila siku. Hata hivyo, ukifika darasani tazama kwanza rafu ya nyuma. Walimu wengi huhifadhi matoleo ya zamani kwa rundo, nakala za kutosha darasa zima, na muulize mwalimu wa chumba jirani kama yanaruhusiwa kutumika. Yahesabu unapoyagawa na uyahesabu tena dakika tano kabla ya kengele.