Kamera tatu ndogo, ufukwe mmoja: ipi inanasa mtu akiwa hewani?

Msihame kwanza, itazameni hii picha. Kijana miguu iko juu, kichwa chini, mikono ameifungua, na mchanga alioubeba kwa vidole vya miguu bado unaning'inia hewani nyuma yake. Punje mnaziona kabisa. Sasa niwaambie: nilichelewa kubonyeza. Nilibonyeza kijana ndiyo kwanza ametua; akasimama, akanifuata na kuniuliza, "Dada, imetoka?" Na imetoka! Nitawaonyesha imetokaje, polepole, maana hicho kitu kimoja kimenibadilisha mawazo niliyokuja nayo asubuhi.

Hamjambo wadau wangu, karibuni tena. Leo tupo Bagamoyo, ufukweni. Soko la samaki lile pale kushoto kwangu, mnauona moshi wa wakaanga samaki, na hizo kelele ni mnada, mtanivumilia. Kwenye komenti swali linalorudi kila wiki ni hili: dada, nataka kamera ndogo ya kuingia kwenye mkoba, ya kupiga maisha ya kila siku, lakini iweze na vitu vya kasi. Watoto wanacheza mpira, mdogo wangu anafanya sarakasi, mume wangu anaendesha baiskeli mashindano. Nichukue ipi?

Hapa juu ya kanga zipo tatu. Sony RX100 VII, Canon G7 X Mark III, na hii yenye bolti kama kifaa cha gereji, Olympus Tough TG-6. Zote zilitoka 2019. Mbili za kwanza nimeazimwa na ndugu zangu wapiga picha za harusi, Mungu awabariki. Hii ya tatu ni yangu, niliinunua kwa ajili ya kupiga chini ya maji tu. Megapikseli sitawasomea, mnazijua, na megapikseli hazijawahi kumsimamisha mtu anayeruka.

Kinachomsimamisha ni spidi ya shata, yaani kile kipazia cha kamera kinafunguka na kufunga haraka kiasi gani. Chukua mtu anakimbia mita 5 kwa sekunde, mbio za kawaida tu za kijana mpirani. Ukipiga kwa moja ya 60 ya sekunde, katika muda huo shata iko wazi ameshasogea zaidi ya sentimita 8. Sentimita 8 ni uso mzima umepakazwa. Ukipiga kwa moja ya 1,000 anasogea nusu sentimita, hapo unapata hata jasho. Jua la Bagamoyo saa sita linakupa hiyo moja ya 1,000 bure, kwa kamera yoyote kati ya hizi. Kwa hiyo mchana, ugomvi wa kamera upo kwenye mambo mengine mawili: fokasi imewahi? Na wewe umewahi?

Nianze na Sony, kwa sababu asubuhi nilikuja na jibu mfukoni kwamba Sony ndiyo mshindi, tufunge video tukale. Na sijaacha kuiheshimu. Inapiga picha 20 kwa sekunde bila skrini kuzima-zima katikati, yaani unamwona mtu wako muda wote unapompiga. Zumu inafika milimita 200. Ile ngalawa inayorudi pale, mnaiona ndogo kama kisoda, nimeivuta mpaka nikamwona baharia anavyolegeza kamba ya tanga. Halafu ina hiki kijidirisha, kinachomoka juu, unachungulia kwa jicho. Wenzangu wa pwani mnajua saa saba mchana skrini inageuka kioo cha kujitazamia, unapiga kwa kukisia. Ukichungulia hapa, jua halikuhusu tena. Kama kazi yako ni uwanja wa mpira na unakaa mbali na mchanga, sina la kukubishia.

Ila mnaona nimeiweka ndani ya mfuko wa plastiki. Naitoa, napiga, nairudisha. Nina sababu.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na kamera nyingine ndogo, ya kampuni nisiyoitaja, lenzi ya kutoka na kuingia kama hizi mbili. Nikawa nayo hapa hapa, kusi linapuliza, mchanga unakwenda chini chini kama moshi. Nikaiwasha, nikasikia krrr, ikanyamaza. Lenzi imekwama katikati, haiendi mbele, hairudi nyuma. Nikaipeleka kwa fundi Kariakoo, akaifungua mbele yangu, akachukua kibanio, akanionyesha kwenye ncha: punje moja. Moja, wadau! Imeingia kwenye meno ya gia. Kila lenzi inapotoka inavuta hewa, na hewa ya huku ina mchanga na chumvi. Gharama ya kuitengeneza ilikaribia bei ya kununua nyingine. Nililia, siwafichi, kwa sababu ile kamera niliinunua kwa pesa ya mchezo.

Sasa geuzeni macho huku, TG-6. Angalieni lenzi. Nawasha. Navuta zumu mpaka mwisho. Mmeona kitu kimetoka? Hakuna. Kila kinachotembea kinatembea ndani, mbele kuna kioo tu kimefunga. Maji mita 15, kuanguka mita 2.1, na watengenezaji wenyewe wanasema inahimili kukandamizwa na uzito wa kilo 100. Mimi nikitoka baharini naiosha maji baridi ya bomba, nafuta, basi. Angalizo moja tu: hivi vifuniko vya betri na chaja, kabla ya kufunga vichunguze. Unywele mmoja kwenye mpira wa kuzuia maji unatosha kuingiza bahari ndani.

Lakini siyo hayo yaliyonibadilisha. Njooni karibu, sogeza kamera hapa kwenye kidole changu.

Hiki ni kitufe cha kupigia. Kina hatua mbili. Hatua ya kwanza, unabonyeza kidogo, nusu, kinashika fokasi. Hatua ya pili unamalizia, inapiga. Wengi wetu tunabonyeza moja kwa moja kama kengele ya mlangoni, ndiyo maana picha za kasi zinatukimbia. Sasa kwenye menyu, pale pa kupiga mfululizo, kuna kitu kinaitwa Pro Capture. Nakichagua. Nabonyeza nusu. Nashikilia. Kwa nje hakuna kinachotokea, kimya. Kwa ndani kamera imeshaanza kupiga, picha 10 kwa sekunde, inaziweka kwenye kumbukumbu ya muda, za zamani inazitupa, mpya inazipokea. Kama mtu anayechota maji kwenye ndoo iliyotoboka, ndoo haijai, lakini kila unapochungulia kuna maji mapya. Siku nikibonyeza mpaka mwisho, haianzi kuhifadhi pale nilipobonyeza. Inarudi nyuma nusu sekunde, inazikusanya na zile zilizokuwemo kwenye ndoo, ndipo inaendelea mbele.

Nusu sekunde! Jaribuni kusema "ruka". Ni muda huo. Ndani yake ndimo unamopotea ule muda wa jicho kuona, akili kuamua na kidole kutii. Kila mmoja wetu anaupoteza, hata bingwa.

Wale vijana mnaowaona ni watu wa sarakasi, wanajifua kila jioni kwenye mchanga uliolowana, pale wimbi linapoishia, kwa sababu pale ni pagumu kidogo, mguu unapata pa kusukuma. Bagamoyo ni mji wa hayo mambo, TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni, ipo hapa, mtoto anakua anaona watu wanapinduka. Nimemwomba huyu mdogo wangu arudie mara nne. Mara ya kwanza nikapiga kawaida, bila Pro Capture, angalieni: mguu tu, pembeni ya picha. Ya pili: ameshatua. Ya tatu nikabonyeza mapema kwa pupa: amechuchumaa, hajaruka. Ya nne nikawasha Pro Capture, nikachora msitari kwenye mchanga kwa kisigino, nikamwambia, "Pindukia juu ya huu msitari." Fokasi nikaishikia hapo hapo kwenye msitari. Kidole nusu. Akakimbia, akapiga mkono chini, akapinduka, akatua. Miguu ilipogusa tu mchanga, ndipo nikabonyeza. Nikafungua, zimejipanga: mkono unagusa mchanga, kiuno juu, miguu imepita, na ile niliyowaonyesha mwanzo.

Akaja akazitazama, akakaa kimya, halafu akasema, "Kumbe goti langu nalikunja." Mwalimu wake alikuwa anamwambia kila siku, yeye anabisha. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia picha yenyewe.

Kasoro ipo, siwezi kuwapaka mafuta. Kupiga hivi hakutumii shata ya chuma, sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, inasoma picha mstari kwa mstari, juu kwenda chini, kwa hiyo kitu cha kasi sana kinaweza kupinda. Gurudumu la bodaboda litakuwa yai. Mwili wa mtu unastahimili, gurudumu hapana. Sony hapo iko mbele, sensa yake inasoma haraka zaidi.

Nimeisahau Canon, jamani, iko hapa inachomwa na jua. Nisiionee. Hii ndiyo vijana wa TikTok wameipandisha mpaka ikaadimika madukani, na sababu ipo: rangi ya ngozi yetu inaitoa vizuri, haitufanyi majivu, skrini inapinduka juu unajiona mwenyewe, na ina tundu la maiki. Lenzi inafunguka f/1.8, inakunywa mwanga. Ukiwa na shughuli ya usiku, harusi, mnuso, ngoma jukwaani, ichukue hii. Ila fokasi yake inatafuta kwa kulinganisha ukali wa picha, inakwenda mbele, inarudi, mpaka ikutane na penyewe. Mtu akiwa amesimama haina shida. Mtu anayekukimbilia, ule muda wa kwenda na kurudi ndio uliokuwa wake. Sony ina vituo 357 vya fokasi vinavyojua moja kwa moja iende upande gani. Kwa kasi, Canon naitoa.

Na usiku ndipo TG-6 inaponyong'onyea. Sensa ya Sony na Canon ni ile ya inchi 1. Ya TG-6, eneo lake ni kama robo ya hiyo. Robo! Mwanga unaoingia ni kiduchu, taa za jukwaani tu, picha inajaa chenga. Tamasha la Bagamoyo likifika, usiku sitaibeba hii, nitaazima tena. Mchana ngalawani, ni hii.

Mtaniuliza simu. Simu nzuri mchana inapiga vizuri, nakubali, picha nyingi za chaneli hii ni za simu. Lakini simu yako ndiyo benki yako, ndiyo M-Pesa yako, ndiyo namba za wateja wako. Utaiingiza kwenye wimbi kwa ajili ya picha?

Bei sasa. Zilipotoka Sony ilikuwa dola 1,200, Canon 750, TG-6 ilikuwa 450. Huku kwetu usitegemee bei ya karatasi, tegemea umemkuta nani na ana mzigo kiasi gani. Ukinunua mtumba, hizi mbili za lenzi ya kutoka, iwashe na kuizima mara kumi mbele ya muuzaji, weka sikio. Ukisikia mkwaruzo, rudisha, usikubali kuambiwa "ndivyo zilivyo." Hiyo sentensi niliambiwa mimi dukani na nikakubali. TG-6, fungua vifuniko, tazama mpira: ukiona kijani au unga mweupe kwenye vyuma vya betri, maji yameshaingia. Kuna na TG-7 ya 2023, imeandikwa OM System kwa sababu biashara ya kamera ya Olympus ilibadili mikono. Sensa na lenzi hazijabadilika kwa kiasi cha kukutoa usingizini, kikubwa wameleta tundu la USB-C. TG-6 bado ni lile la zamani la micro USB, mbebe waya wenu.

Kuhusu chaneli: video zinahamia Alhamisi, Jumapili nina shughuli za watu. Na kuna memori kadi moja, mpya, namtumia mtu wa kwanza atakayeandika kwenye komenti kwa nini kijana nilimchorea msitari. Wanaoangalia kwa kurukaruka hawatajua. Subskraibu kama bado, dada yenu nafurahi sana nikiona majina mapya.

Kwa hiyo aliyeniuliza kuhusu mdogo wake wa sarakasi: TG-6. Mwenye mume wa baiskeli: Sony, zumu yake na fokasi yake utazihitaji, na barabara ya lami haina mchanga mwingi. Mwenye watoto wa mpira... nilitaka kusema Sony. Lakini watoto wataishika, wataidondosha, watamwagia juisi. Chukua TG-6, kaa karibu na goli.

Haya, maji yanajaa, na wale wamepanda kwenye mashua wanataka kujirusha. Hii nyingine rudisha kwenye mfuko, funga. Mimi naingia mpaka kiunoni, nusu lenzi ndani ya maji, nusu juu. Kidole nusu. Wadogo zangu, rukeni!