Mundu mrefu, fyekeo au mashine: ununue nini kwa majani ya hei

Msafisha uwanja wa shule na mfugaji wa ng'ombe wawili wa maziwa hawahitaji chombo kimoja. Yule wa shule anataka majani yaondoke basi. Mfugaji anataka mashina yabaki mazima, yalale upande mmoja, yakauke bila kupukutika, kisha yaingie kwenye kasha la marobota, yaani sanduku la kushindilia na kufunga hei (majani makavu ya kulishia mifugo). Mwongozo huu ni wa mfugaji: shamba la robo ekari hadi ekari mbili, nyasi zilizosimama kama za Rhodes, na mkataji mmoja au wawili. Vyombo vimepangwa kuanzia cha kununua kwanza hadi cha kuacha dukani.

Mwenye matete au mabingobingo aendelee na panga lake. Shina nene kama kidole gumba linaharibu karibu kila kitu tutakachokitaja hapa. Nyasi za kikuyu nazo, zinazotambaa na kusukana kama mkeka, zinamtaka mkataji mzoefu, usijifunzie hapo.

Wa kwanza: mundu mrefu wa kufuliwa, aina ya Austria

Ni ule mundu wa mikono miwili wa wakulima wa Ulaya: mpini wa karibu mita moja na nusu, vishikio viwili, na bapa pana lililopinda ambalo hupita chini kabisa, likigusa ardhi. Huku kwetu ni mgeni, na wengi wakiuona hudhani ni fyekeo kubwa la kupigia kwa nguvu. Sivyo. Fyekeo hukata kwa kasi ya pigo. Mundu mrefu hukata kwa kuteleza, kama kisu kikali kinavyopita kwenye nyanya, ndiyo maana wembamba wa makali yake ndio kila kitu.

Bapa zuri hufuliwa kwa nyundo, halikatwi kutoka bati kwa presi. La sentimita 65 lina uzito wa karibu nusu kilo tu. Schröckenfux ya Roßleithen, Austria, inafua mabapa haya tangu 1540, na Falci ya Dronero, Italia, tangu 1921. Ukiona alama ya mojawapo imegongwa karibu na mkia wa bapa, pale linapofungwa kwenye mpini, chuma si cha kubahatisha. Seti kamili Ulaya huwa kati ya euro 150 na 250. Nafuu ipo: agiza chuma tu, yaani bapa, pete ya kufungia na ufunguo wake, kinoo, na kifaa cha kufulia makali. Mpini atautengeneza seremala wa mtaani, kwa kuwa ni urefu wa mpini unaopandisha nauli ya kifurushi. Mgrivea uliokauka vizuri unafaa. Mkaratusi ni imara lakini mzito, na uzito wa mpini utaukumbuka saa nne asubuhi.

Urefu wa bapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Sentimita 50 ni la kando ya uzio na chini ya migomba. Sentimita 60 au 65 ndilo la kuanzia. La 70 hadi 75 ni la uwanja uliosawazika na mikono iliyokwisha kuzoea. Kuanzia 85 ni mambo ya mashindano. Bapa likizidi urefu ncha inakuwa mbali na macho, na ncha ndiyo hujichimbia udongoni. Shamba lenye vichuguu na visiki lishughulikie kwa bapa fupi, au kwanza vunja vichuguu.

Vipimo vya mpini havina wastani wa watu wote. Simama wima, mpini mbele yako, mwisho wake wa chini ukigusa ardhi. Kishikio cha chini kiwe usawa wa kiungo cha nyonga. Kutoka hapo hadi cha juu pima dhiraa moja yako mwenyewe, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mpini wa mtu mfupi kuliko wewe utakuinamisha, na mgongo utalalamika kabla ya kumaliza mstari wa tatu. Kwa hiyo mundu wa kuazimana si akiba nzuri, labda ndugu wawili wawe na kimo kimoja.

Bapa likishafungwa, lipime ukutani. Shikilia mundu mbele ya ukuta, mwisho wa juu wa mpini usitoke mahali pake. Weka alama ya penseli pale kisigino cha makali, yaani mwanzo wake karibu na mpini, kinapogusa ukuta, kisha zungusha mundu hadi ncha ifike mstari ule ule. Ncha iangukie chini ya alama kwa upana wa vidole viwili au vitatu. Ikiangukia juu ya alama, bapa limefunguka mno: litabeba majani mengi kuliko nguvu zako na litakwama kila hatua. Ikiwa chini sana, utakata ukanda mwembamba na kuchoka bure. Legeza skrubu mbili za pete, rekebisha, kaza tena. Halafu simama umeshika vishikio, bapa limelala sakafuni: makali yawe juu ya sakafu kwa milimita 3 hadi 10. Kabari nyembamba ya mbao au ngozi kati ya mkia na mpini hubadilisha mwinamo huo.

Sasa kinoo na fuawe, vitu ambavyo mnunuzi huviacha ili kupunguza bei kisha anasema mundu haufai. Kinoo cha mundu ni kirefu, kama sentimita 20, kimechongoka ncha zote mbili mithili ya mtumbwi. Hukaa ndani ya maji, kwenye kikombe au pembe ya ng'ombe inayoning'inia kiunoni, kwa sababu jiwe kavu huziba upesi kwa utomvu wa nyasi na chembe za chuma. Kila baada ya dakika tano hivi za kukata unasimama: mwisho wa mpini chini, bapa juu usawa wa kifua. Kinoo kinatoka kisigino kuelekea ncha, juu, chini, juu, chini, kikiwa kimelala karibu sambamba na bapa. Ukikiinua unatengeneza makali butu, mafupi kama ya patasi. Kazi hii haizidi nusu dakika. Anayeruka kunoa ili awahi ndiye humaliza wa mwisho.

Baada ya saa 4 hadi 8 za kukata, kinoo peke yake hakitoshi. Makali yamekuwa manene. Hapo hufuliwa kwa nyundo, chuma kikiwa baridi. Anayeanza anunue kifaa chenye kofia mbili: ni kijiti cha chuma kinachopigiliwa kwenye gogo, bapa linapitishwa juu yake, na kofia ndiyo hupigwa nyundo. Kofia ya kwanza hupunguza unene nyuma kidogo ya makali, ya pili humalizia ukingoni. Mapigo yafuatane karibu karibu, nguvu moja, kutoka kisigino hadi ncha. Makali yakitokea na mawimbi kama pindo la sketi, umepiga mno sehemu moja na chuma kimetanuka; punguza nguvu mara ijayo. Kujua kama yametosha, pitisha ukucha wa kidole gumba chini ya makali ukiubana juu kidogo: yaliyofuliwa vizuri yanafuata ukucha, unaona kivimbe kidogo kikitembea nao.

Fundi wa kuchomelea akikuambia atakunolea kwa jiwe la umeme, mshukuru na ondoka. Joto la jiwe hilo hulegeza chuma. Ukingo ukigeuka rangi ya buluu, sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka itakapolika yote. Pengo dogo kwenye makali yaliyogonga jiwe shambani halihitaji kusawazishwa mpaka liishe: lainisha kingo zake kwa tupa, fua, endelea na kazi. Ufa ndio wa kuogopa. Uchonge mwisho wake uwe mviringo kwa tupa ya duara, usije ukapanda.

Wanaotumia mkono wa kushoto wajifunze kwa mundu wa kawaida. Mabapa ya kushoto yapo lakini ni adimu, na mkataji wa kushoto kati ya wa kulia huwatupia wenzake majani miguuni.

Wa pili: mundu mdogo wa meno

Ndio ule wa kuvunia mpunga. Unashika fungu, unavuta, unalaza. Majani hutoka mazima na yamepangwa vizuri kuliko hata kwa mundu mrefu, na bei yake haitishi. Kasoro ni kuinama, na mwendo wa kinyonga. Kwa robo ekari inayokatwa kidogo kidogo kila siku kulisha mbichi, hatuoni sababu ya kununua kingine. Chagua wenye meno yaliyochongwa upande mmoja tu, na msumari wa bapa uliopenya mpini hadi mwisho. Ule uliochomekwa nusu huchomoka wiki ya kwanza.

Wa tatu: mashine ya begani

Kwa ekari mbili na zaidi, au pale siku za jua ni chache, inastahili kuzingatiwa. Ila uinunue ikiwa na kisu cha chuma na mkanda wa mabegani, siyo uzi wa nailoni peke yake. Uzi hupasua majani vipande, na vipande hivyo havifungiki robota. Nyingi ni za kuchanganya oili na petroli: soma kitabu chake kama ni 25 kwa 1 au 50 kwa 1. Kwa lita 5 za petroli hiyo ni mililita 200 au 100 za oili, tofauti ambayo pistoni huijua. Oili ikipungua silinda inakwaruzika, na matengenezo yake yanakaribia bei ya mashine. Miwani ya kinga siyo pambo. Kisu kinarusha kokoto, na watoto wasikae karibu. Fagia kutoka kulia kwenda kushoto kama kwa mundu mrefu, ndipo majani yalale mstari.

La nne: fyekeo

Kila nyumba inalo, na ndiyo maana wengi hawafikirii kingine. Kwa kusafisha njia, uwanja na magugu ya masika, halina mshindani. Kwa hei linashindwa kwa sababu ya pigo lenyewe: shina moja hupigwa mara mbili tatu, majani hutawanyika kila upande, na yale laini yenye lishe hubaki vumbi chini. Mkusanyaji hufanya kazi kuliko mkataji. Kama ndilo ulilo nalo msimu huu, linoe kwa tupa pande zote mbili na upige chini kabisa, mara moja tu.

Wa mwisho: mundu mrefu wa presi, wa bei rahisi

Huuzwa mtandaoni, umepakwa rangi nzuri, umenyooka kama rula. Bapa lake ni bati nene lisilo na mbinuko. Likilala chini makali yanachimba, likiinuliwa linaparuza. Ukilifua linapasuka. Humfanya mtu aamini kwamba mundu mrefu ni chombo cha mateso. Miundu mizito ya mtindo wa Uingereza na Marekani, yenye mpini uliopinda, si mibovu hivyo, lakini hunolewa kwa jiwe la kuzungusha lenye maji, kifaa ambacho si rahisi kukipata.

Siku za kwanza, na jinsi ya kujua ulinunua sawa

Anza alfajiri, umande ungalipo. Shina lenye maji husimama imara mbele ya makali. Likishakauka linainama na kukwepa. Panua miguu, magoti yalegee, na mwili wote uzunguke kiunoni kutoka kulia kwenda kushoto. Mgongo wa bapa usiache ardhi, wala wakati wa kurudi. Kila mkupuo usonge mbele kwa sentimita 5 hadi 10 tu, na upana wa mita moja na robo unatosha. Anayetaka kukata mengi kwa mkupuo mmoja huanza kuinua ncha mwishoni, na nyuma yake hubaki mashina marefu yenye umbo la mawimbi. Mawimbi hayo ni ripoti: ukiyaona, punguza hatua. Mzoefu kwenye nyasi nzuri huweza kumaliza kama ekari kwa siku. Wewe jiwekee robo yake.

Nyasi za Rhodes zikatwe nusu yake ikiwa imechanua. Geuza mistari jua likipanda, siku mbili au tatu. Kisha kasha: sentimita 85 kwa 55 kwa 45, wazi juu na chini, kamba mbili zimetandikwa ndani, mtu mmoja anakanyaga. Linatoka robota la karibu kilo 20. Nyasi za mundu mrefu huingia kwa mafungu, zimelala upande mmoja, na kamba hushika mashina marefu. Za fyekeo huvuja pembeni mara tu kasha linapoinuliwa.