Kava la kibegi cha kiunoni: kitambaa cha mwavuli au bango la plastiki?

Mwendesha baiskeli wakati wa masika hupigwa na maji pande mbili: mvua kutoka juu, na tope linalorushwa na gurudumu la nyuma. Hilo la pili ndilo linaloharibu simu na pesa, hasa baiskeli ikiwa haina madigadi. Kwa hiyo kava lifunike kibegi hadi chini.

Kitambaa cha mwavuli mbovu ni chepesi, kinakunjika hadi kuingia mfukoni, na fundi cherehani yeyote anakishona: kata duara, kunja ukingo, pitisha lastiki. Udhaifu wake ni matundu ya sindano. Sugua mshumaa kwenye mshono, kisha upashe joto kidogo kwa pasi ukiweka karatasi juu, nta ipenye.

Bango kuukuu la matangazo halipitishi maji kabisa na halichaniki ovyo, ila ni gumu, zito, na likikunjwa mara kwa mara hupasuka kwenye mkunjo.

Mimi nachagua mwavuli. Bango namwachia anayepita njia za miiba kila siku, na atoboe tundu dogo chini maji yasituame.