Pini za shaba za kuungia bodi za treni za modeli, mi nazikubali

Jamani kama unapelekaga treni zako za modeli kwenye maonyesho, hizi pini nunua. Zinakuja mbili mbili, moja ina ncha iliyochomoza nyingine ina tundu, unazifunga kwenye kingo za bodi mbili (zile mbao zinazobeba reli) zinazokutana, ukizisogeza zinaingiana zenyewe na reli zinarudi palepale kila mara. Mi natumia HO, yaani saizi mojawapo ya treni za modeli, nafasi kati ya reli mbili ni 16.5 mm, kwenye kiungo ikihama hata nusu milimita kichwa cha treni kinaanguka, na watoto wamesimama mbele wanasubiri, inauma sana kwa kweli. Zamani nilitegemea bolti peke yake ila tundu lake linapanuka kila ukifunga na kufungua, mwisho bodi inacheza.

Kazi ipo kwenye kuzifunga. Banisha bodi zote mbili na klampu, toboa kwa pamoja, halafu laza reli nzima juu ya kiungo ndo uikate mwishoni, usikate kwanza kabisa! Na bolti bado unazihitaji, pini inalenga tu, haivuti bodi zibanane.

Kasoro ni hiyo ncha, kwenye gari inagonga vitu, kwa hiyo kabla ya kupakia nafunika kila upande na kipande cha plaiwudi.

Maonyesho yaliyopita siku mbili nzima, treni zinazunguka toka asubuhi mpaka jioni, kwenye viungo haijaanguka hata moja.