Kijahazi cha kukodi Lamu hadi Kiwayu: huduma nzuri, mradi ujue unachokodi

Ukitembea ukingo wa bahari kutoka gati la Lamu hadi Shela, huendi hatua nyingi bila kuulizwa kama unataka chombo. Kuna safari ya jioni ya kutazama machweo, kuna ya siku moja ya kuvua na kuogelea Manda Toto, kisiwa kidogo kando ya Manda, na kuna ile ndefu ya kulala njiani hadi Kiwayu, yapata kilomita 50 kaskazini mashariki. Tathmini hii ni ya hiyo ndefu, kwa kikundi cha marafiki wanaokodi kijahazi kizima pamoja na nahodha na mabaharia wake.

Kwa ufupi, tunaipendekeza kwa moyo wote. Manahodha wa visiwa hivi wanaijua bahari yao mwamba kwa mwamba, na chakula kinachopikwa chomboni kinashinda cha hoteli nyingi za mjini. Udhaifu wake uko kwenye vifaa vya usalama na kwenye namna safari inavyouzwa: mteja huulizwa anataka tarehe gani, ilhali swali la kwanza lingepaswa kuwa mwezi wa angani una umri wa siku ngapi.

Sababu ni Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko ikiwa kushoto na kulia. Ndiyo njia ya mkato ya kutoka Lamu kuingia ghuba ya Manda bila kuzunguka bahari kuu. Maji yakipwa, sehemu za katikati hubaki matope. Kijahazi ambacho sehemu yake iliyo ndani ya maji haifiki mita moja hupita vizuri saa mbili kabla ya maji kujaa mpaka muda mfupi baada ya hapo. Kikichelewa na maji yakaanza kutoka, kitakaa kwenye tope hadi maji yarudi, na kule mikokoni jua likizama mbu hawana huruma.

Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa mwendo wa saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yamejaa kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi: unapanda chomboni kumepambazuka, unapita Mkanda na maji tele, na mchana wote uko mbele yako. Hiyo ndiyo tarehe ya kuomba. Kalenda ya Kiislamu ukutani inakupa jibu bila hesabu yoyote, maana tarehe 17, 18, 3 na 4 za mwezi wowote zinaangukia hapohapo.

Ukirudi siku nne baadaye, maji yatakuwa yanaelekea kuwa mafu, yanajaa saa nne au saa tano asubuhi na hayapandi juu sana. Kifurushi cha siku tatu kinachouzwa sana hakitoshi. Omba siku tano: ya kwanza mpaka Manda Toto, ya pili mpaka Kiwayu, ya tatu kupumzika huko, ya nne kurudi kulala Manda Toto, na ya tano kupita Mkanda asubuhi maji yakiwa juu. Kwa siku tatu nahodha hulazimika kuwasha injini karibu njia nzima, na kijahazi chenye injini inayonguruma mchana kutwa hakina tofauti na boti la abiria ila polepole yake.

Msimu nao una bei yake. Kaskazi, Desemba hadi Machi, anga ni safi na bahari ya nje ni ya kuridhisha, lakini upepo unatoka kule unakokwenda. Kwenda ni kubisha, yaani kupanda upepo kwa kwenda upande upande, kurudi ni raha. Nahodha mzuri huondoka Manda Toto gizagiza ili autumie upepo mwepesi wa umande unaotoka bara kabla kaskazi haijaamka. Kusi, kuanzia Aprili, hugeuza hesabu: kwenda unasukumwa, kurudi unapigana, na Juni hadi Agosti mawimbi nje ya kisiwa cha Pate si ya kuwapeleka wageni. Masika ya Aprili na Mei usiyafikirie kabisa kwa chombo kisicho na paa. Ukituuliza, tutachagua Oktoba na Novemba, wakati wa matlai, upepo mwanana wa mashariki unaokuruhusu kwenda na kurudi bila ugomvi mkubwa na upande wowote.

Kabla ya kutoa arubuni, omba kukiona chombo chenyewe, mchana, kikiwa majini. Picha kwenye simu ya wakala inaweza kuwa ya chombo cha binamu yake. Funua ubao wa ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika, asubuhi, kabla maji hayo hayajatolewa. Chombo chochote cha mbao huingiza maji kidogo, na kina cha vidole viwili vitatu baada ya usiku mzima ni cha kawaida. Maji yakifika kwenye kifundo cha mguu, uliza kilishushwa lini. Kama kilikuwa kimepandishwa pwani kukarabatiwa na kimerudi baharini juzi, mbao bado zimekauka. Zikinywa maji zitavimba na kuziba, na siku chache zinatosha. Kama kimekuwa majini mwezi mzima na bado kinavuja hivyo, kalafati imechoka, pamba imetoka kwenye maungio. Hicho kiache.

Kisha tazama juu. Foromali, boriti inayobeba tanga, aghalabu ni miti miwili au zaidi iliyounganishwa kwa kamba. Maungio hayo yawe yamekazwa, na kamba isiwe imeota manyoya. Fuata henza, kamba ya kupandishia foromali, kutoka ilikofungwa mpaka kwenye kapi juu ya mlingoti, uangalie hasa kipande kinachokaa ndani ya kapi tanga likiwa limepandishwa. Hapo ndipo kamba huliwa, na henza ikikatika foromali yote inashuka juu ya walioketi chini. Tanga lenye viraka si tatizo. Viraka vilivyoshonwa vizuri ni dalili ya mwenye chombo anayejali.

Farumi, uzito wa kukituliza chombo, ni mifuko ya mchanga, na inahamishwa kila tanga linapogeuzwa. Hesabu mabaharia kwa kazi hiyo. Nahodha na mtu mmoja wanatosha kwa safari ya machweo. Kwenda Kiwayu wanahitajika watatu, na wa nne akiwa mpishi ni bora zaidi. Tazama tanga linavyogeuzwa uone kwa nini. Nahodha anakigeuza chombo mpaka upepo unaingia tezi, yaani nyuma. Mmoja analegeza demani, kamba ya kuongozea tanga, nalo tanga linapepea mbele. Mwingine anavuta ncha ya chini ya foromali kuelekea mlingoti mpaka foromali inasimama wima, halafu demani inazungushwa kwa mbele, inapitishwa upande wa pili, gosi, kamba ya pembe ya mbele ya tanga, inafungwa upya, demani inakazwa, na mifuko ya farumi inavushwa upande wa upepo. Wenye mazoea hufanya yote haya kwa muda mfupi wa kushangaza. Kwa dakika hiyo wageni wana kazi moja: kuketi chini katikati, mikono mbali na demani, miguu nje ya kamba iliyokunjwa. Ajali nyingi za vidole na vifundo hutokea pale rafiki anapotaka kusaidia.

Vifaa vya usalama ndiyo sehemu tunayoipa alama za chini. Utaambiwa majaketi ya kujiokolea yapo. Yatoe, uyahesabu, uvae moja, ukaze mikanda. Mara nyingi yako manne kwa watu kumi, au yana vifungo vilivyovunjika, au yamebanwa chini ya magunia ya mkaa yasikofikika. Sharti liwe jaketi moja kwa kila mtu, mabaharia wakiwemo, na la kipimo cha mtoto kama kuna mtoto. Uliza pia kibali cha chombo kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Majini Kenya na idadi ya abiria iliyoandikwa humo. Ongeza tochi mbili zenye betri mpya, kwa sababu tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021, meli kubwa hupita ghuba ya Manda, na kijahazi kisicho na taa usiku hakionekani. Injini ya akiba iwashwe mbele yako, na petroli iwe kwenye dumu lililofungwa vizuri, mbali na jiko.

Idadi ya marafiki: sita. Kijahazi cha mita kumi hubeba kumi na wawili mchana bila shida, ila kulala ni jambo jingine. Magodoro sita yakitandikwa, mabaharia wakipata sehemu yao ya omo, yaani mbele, nafasi imekwisha. Wa saba atalala juu ya farumi.

Chakula kinastahili sifa zote. Jiko ni seredani ya mkaa iliyowekwa ndani ya sanduku la mchanga, na humo hutoka wali wa nazi, changu wa kuchoma, kaa wa Kiwayu, chai ya tangawizi. Samaki hununuliwa kwa wavuvi njiani au huvuliwa kwa mshipi, kwa hiyo menyu haijulikani mapema, na anayetaka nyama aibebe mwenyewe. Maji ya kunywa usiyaache kwa wakala. Lita tano kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia, ni hesabu salama. Watu sita na mabaharia wanne kwa siku tano ni lita 250, yaani madumu kumi na mawili na nusu ya lita ishirini. Chukua kumi na matatu. Vijiji vya Pate vina maji ya visima na majabia, yaani matangi ya maji ya mvua, lakini hayo ni ya wenyeji, na kiangazi hupungua.

Usiku, nanga ndiyo inayoamua kama utalala. Kosa la kawaida ni kutoa kamba fupi maji yakiwa chini. Chombo kikitia nanga kwenye mita nne na maji yakapanda mita tatu, kina ni mita saba, na kamba mara tano ya kina ni mita 35. Chini ya hapo nanga inang'oka kwenye mchanga usiku wa manane. Mwulize nahodha ametoa pima ngapi (pima moja ni karibu mita mbili). Hatachukia, atafurahi kuulizwa. Upande wa magharibi wa Kiwayu, ndani ya hori, yaani mkono wa bahari, umekingwa na upepo na maji hutulia, na huko ndiko pa kulala. Umande wa alfajiri hulowesha kila kitu, hivyo turubai lifungwe kabla ya kulala hata kama nyota zimejaa.

Choo kizungumzwe mapema, hasa kukiwa na wanawake. Vyombo vingine vina kibanda cha mbao tezi, vingine vina pazia na ndoo, vingine havina kitu. Na mkishuka Pate, Siyu au Faza, vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, pombe ibaki Lamu. Mwezi wa Ramadhani mabaharia wamefunga na kazi ya kubisha ni nzito, kwa hiyo safari ndefu iahirishwe.

Kuna jambo la usalama ambalo mawakala hulipitia haraka. Kiwayu iko karibu na mpaka wa Somalia, na mwaka 2011 wageni walishambuliwa karibu na hapo, upande wa bara. Amri kuhusu kusafiri baharini usiku zimekuwa zikitolewa na kuondolewa, hivyo ulizia kituo cha polisi Lamu wiki ileile ya safari, na pia ofisi ya Shirika la Wanyamapori kuhusu ada ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga. Rafiki anayekuja kutoka Ulaya au Marekani asome bima yake: serikali yake ikiwa inaonya dhidi ya eneo hilo, bima huenda isilipe chochote. Kikundi kikisita, siku hizo tano zinakaa vizuri kabisa kati ya Manda Toto, magofu ya Takwa, Shanga na ngome ya Siyu. Takwa nako huingilika kwa kupitia mkono wa bahari wakati maji yamejaa tu. Ukizubaa kwenye magofu, chombo kinabaki kwenye tope.

Bei ipatane kwa chombo kizima kwa siku, si kwa kichwa, na iandikwe kama inajumuisha chakula, petroli na ada za hifadhi, kwani hivyo vitatu ndivyo huongezwa mkiwa tayari baharini. Arubuni isizidi theluthi moja, itumwe kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la nahodha mwenyewe. Iliyobaki lipeni gatini mkirudi, na bakshishi mpeni kila baharia mkononi mwake.