Gari jipya Dubai: uzoefu wangu, kuanzia tairi hadi mafuriko

Gari lenyewe naliwekea nyota nne na nusu kati ya tano. Namna nilivyouziwa, nyota mbili, na hizo mbili ni za chai ya karaki waliyonipa. Kampuni wala benki sizitaji, maana nimeulizia wenzangu walionunua kwingine na hadithi ni ileile kwa rangi tofauti.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nafanya kazi ya hesabu za ghala Jebel Ali, nakaa Al Nahda, mpakani kabisa na Sharjah. Aliyewahi kutoka Al Nahda kwenda Jebel Ali kwa metro anajua ninachosema: laini ya kijani hadi Union, ushuke, upande ya nyekundu, uende nayo karibu mpaka mwisho, kisha basi, kisha miguu kwenye jua. Karibu masaa mawili kwenda, na mengine kurudi. Miaka miwili na nusu niliishi hivyo nikiweka akiba. Kwa gari, kupitia barabara ya Sheikh Mohammed bin Zayed ambayo haina geti la Salik (la kulipia barabara) hata moja, natumia dakika hamsini kama hakuna ajali.

Leseni ilikuwa shughuli ya peke yake. Ya Kenya haimo kwenye orodha ya zile wanazokubadilishia papo hapo, kwa hiyo nilianza upya kama mtoto: darasa, mtihani wa nadharia, kuegesha, barabara. Nimeendesha Mombasa miaka tisa, lakini huku usukani uko kushoto: siku ya kwanza mwalimu aliposema tia gia, mkono wangu wa kushoto ulikwenda ukaugonga mlango, paa! Nilipita mtihani wa barabarani mara ya pili. Basi.

Nikaanza kuzunguka shorumu mwezi wa Machi 2024, katikati ya Ramadhani, msimu ambao kila duka la magari hapa linatundika ofa. Ami, mzee mmoja wa Kioman tunayefanya naye kazi, mzaliwa wa Unguja, aliniambia jambo moja tu: "Nenda baada ya tarawehe. Mtu mwenye saumu saa kumi alasiri atatia saini chochote apate kurudi nyumbani." Nilicheka. Lakini nilikwenda usiku, saa nne, nimeshiba, na nilimkumbuka Ami zaidi ya mara moja.

Tangazo lilisema dirhamu 999 kwa mwezi. Nilipokaa kitako na muuzaji, kijana mpole wa Kerala, ikatokea kwamba hiyo 999 ni ya gari la daraja la chini kabisa, kabla ya kodi ya asilimia 5, na baada ya kutoa arubuni ya asilimia 20. Arubuni hiyo si ujanja wao. Ni sheria ya benki kuu ya huku kwamba benki isikukopeshe zaidi ya asilimia 80 ya thamani ya gari, na mkopo usipite miezi 60. Ila kwenye tangazo maneno hayo yalikuwa madogo kama sisimizi.

Nikachagua sedani ndogo ya Kijapani, daraja la kati, dirhamu 68,000 kabla ya kodi. Akanitoa nje kunionyesha. Gari linang'aa, nailoni bado iko kwenye viti. "Modeli ya 2024, kaka." Hapa ndipo miaka yangu ya kuwasindikiza wajomba kwenye yadi za magari ya Japani pale Mombasa iliponisaidia. Nikachuchumaa kwenye tairi la mbele, nikawasha tochi ya simu. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa herufi zile zinazoanza na DOT, pana tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zilisomeka 4422. Yaani wiki ya 44 ya mwaka 2022. Nikaenda kwenye kioo cha mbele, chini upande wa dereva, nikahesabu namba ya chesisi hadi herufi ya kumi. Ilikuwa P. Kwa magari ya Ghuba herufi ya kumi ndiyo mwaka wa modeli: P ni 2023, R ni 2024.

Nikamwonyesha. Kijana wa watu akaangalia, akanyamaza, akasema labda wamechanganya funguo. Labda. Sikumbishia, nilimwambia anitafutie yenye R au anipunguzie bei ya modeli iliyopita, maana gari la mwaka jana lililolala kwenye yadi siku ya kuliuza litahesabiwa umri wake wote. Baada ya siku tatu wakanipata lenye R, tairi 3423. Ukiwa unasoma hapa na unataka kununua, hata kama gari ni jipya la ajenti (muuzaji rasmi wa kampuni) na si mtumba, chuchumaa. Usione haya.

Sasa bei. Ofa ilikuwa na "zawadi": bima ya mwaka wa kwanza bure, tinti bure, na dawa ya kulinda rangi. Nikauliza swali ambalo naona liliwaudhi kidogo: nikiziacha zawadi zote, mnapunguza ngapi? Kumbe kitu cha bure kina bei. Wakapunguza 2,000. Ikawa 66,000, na kodi 3,300, jumla 69,300.

Bima nikatafuta mwenyewe kwa 2,300, ghali kidogo kwa sababu leseni yangu ilikuwa haijatimiza mwaka. Kwa hesabu ya juujuu nilipata hasara ya mia tatu, na muuzaji hakuacha kunikumbusha. Lakini nilikuwa nimeomba nakala ya ile bima ya bure nikaisoma usiku kwenye kitanda. Kifungu cha mvua na mafuriko kilikuwa nyongeza ya kulipiwa. Kwenye niliyonunua mimi kimo ndani, pamoja na kutengenezewa gari kwa ajenti mwenyewe na si gereji ya mtaani. Kwani Dubai kuna mafuriko? Ndivyo alivyoniuliza muuzaji. Ngoja.

Kwenye mkopo ndiko watu wetu wengi wanakoumia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Makaratasi si mengi: barua ya mshahara, taarifa za akaunti, kitambulisho cha Emirates, leseni, pasipoti yenye viza. Wanakupima pia kwa alama za Al Etihad Credit Bureau, ofisi inayoweka rekodi za madeni ya watu, zinazokwenda kutoka 300 hadi 900, na kama una kadi ya mkopo uliyosahau kuilipa mwezi mmoja, itasimama hapo ikikutazama. Makato yako yote ya madeni hayatakiwi kuzidi nusu ya mshahara.

Benki ikaniambia riba ni asilimia 2.99. Nikafurahi, nikajiona nimewapiga bao walioko nyumbani wanaokopa kwa riba mara tano ya hiyo. Kisha nikatoa kalamu, kazi yangu si ni hesabu? Mkopo ni 55,440. Asilimia 2.99 yake kwa mwaka ni kama 1,658. Wanaizidisha mara miaka mitano, wanaijumlisha kwenye deni siku ya kwanza, inafika 63,728, wanagawa kwa miezi 60: 1,062 kila mwezi. Yaani mwaka wa tano, deni limebaki kijisehemu, bado unalipa riba kana kwamba unadaiwa zile 55,440 zote. Ukiipima kwa salio linalopungua, yaani riba ya deni lililobaki tu, kama mkopo wa nyumba unavyopimwa, hiyo 2.99 ni karibu asilimia 5.6. Si wizi, na karatasi imesema wazi kwa anayeijua lugha yake. Lakini nina marafiki wawili, mmoja wa Arusha na mmoja wa Kampala, waliolinganisha 2.99 ya benki moja na 5.25 ya salio linalopungua ya benki nyingine, wakaikimbilia ya kwanza. Ile ya pili ndiyo ilikuwa nafuu. Mimi ya pili sikuipata, walitaka mshahara mkubwa kuliko wangu.

Jina la benki linaandikwa kwenye mulkiya, kadi ya usajili wa gari lako, kama mwenye rehani. Huwezi kuliuza gari wala kulitoa nchini mpaka benki ikupe barua kwamba umemaliza. Na ukipoteza kazi, viza inafuatana na kazi. Kwa hiyo kabla ya kutia saini niliweka kando malipo ya miezi sita, sijayagusa mpaka leo, hata shemeji aliponipigia akilia kuhusu kiwanja cha Mtwapa.

Gari nikalichukua tarehe 3 Aprili. Usajili walifanya wao, namba wakafunga palepale, tukapigwa picha na utepe mwekundu kama bwana harusi.

Siku 13 baadaye, Jumanne tarehe 16 Aprili, ikaja ile mvua. Walioishi hapa hawahitaji kuelezwa. Ilikuwa kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu za mvua zianze kuwekwa hapa mwaka 1949. Kule Al Ain sehemu moja ilipata milimita 254 chini ya siku moja. Al Nahda ikawa ziwa. Gari langu lilikuwa kwenye kile kiwanja cha mchanga nyuma ya jengo, na nikiwa ghorofa ya nne nililitazama maji yakipanda: nusu tairi, tairi zima, mstari wa chini wa mlango. Mita ilikuwa haijafika kilomita 700.

Nilishika ufunguo nishuke nikalisogeze. Simu ikalia, Ami. "Umeshaliwasha?" Bado, Ami. "Usiliwashe! Weka ufunguo kabatini." Maji yakivutwa na injini inayozunguka, injini inakufa, na bima inaweza kusema umeua mwenyewe. Jirani yangu wa chini, fundi wa viyoyozi, aliliwasha la kwake. Lilikohoa mara mbili, halikuongea tena.

Nikapiga picha kutoka dirishani, kisha maji yalipopungua nikapiga za ndani, nikaomba kwa polisi cheti cha gari lililoharibiwa na mvua kupitia programu yao ya simu, nikatuma vyote kwa bima. Gari la kuvuta lilikuja siku ya sita. Karakana ya ajenti ilikaa nalo siku 19: zulia likatolewa, viti vikatolewa, nyaya zikakaguliwa. Katika siku zote hizo hakuna aliyenipigia hata mara moja, kila habari niliifuata mwenyewe, na hiyo ndiyo nyota niliyowanyima kwa furaha. Nililipa dirhamu 700 kama sehemu yangu, bima ikamaliza iliyobaki. Zile mia tatu za ziada nilimtajia muuzaji. Akacheka, akasema sasa kila mteja anaulizia mafuriko.

Gari lenyewe halina neno. Kiyoyozi kinagandisha mwezi wa Agosti, mafuta halinywi sana, sevisi ni kila kilomita 10,000, na kwa miaka mitatu ya kwanza halipelekwi kukaguliwa ukihuisha usajili. Nusu nyota nimeipunguza kwa sababu ya spika za mlango wa kulia, zinakwaruza tangu mafuriko.

Mama aliponiona kwenye video alisema, "Mashallah mwanangu, na meli yake inakuja lini?" Ikabidi nimweleze kwamba Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto. Hili litauzwa hukuhuku. Kuna nafuu ya ushuru kwa mkaazi anayerudi nyumbani moja kwa moja, aliyekaa nje miaka miwili na kumiliki gari mwaka mzima, na hati za hili la kushoto zinaweza kumsaidia kuingiza la kulia, ndiyo maana kila karatasi, toka risiti ya arubuni, iko kwenye bahasha moja chini ya godoro. Mama alisikiliza yote akasema sawa, ila nimwambie baba mwenyewe.

Likizo ya Desemba nilikwenda. Kaka akanipa gari lake niwapeleke Nyali. Kila nikitaka kukata kona naishika indiketa upande niliouzoea Dubai, na kwenye jua lile la saa nane wipa zinaruka, zinakwangua kioo kikavu, huku watoto wa kaka nyuma wamelala kwa kicheko.